Daftari la Mchango

Ukurasa wa kwanza nimeupiga mistari kwa rula:
Jina. Ahadi. Taslimu.
Juu yake: *Matibabu ya Somoe Nandonde, Ndanda.*
Nikatoka umande ungali kwenye mikorosho,
nikaanzia nyumba za makuti.

Bi Esha Chitanda, muuza mihogo,
mia tano, imelowa mafuta ya kikaango.
"Usiniandike," akasema.
"Watadhani ndiyo bei ninayompa Somoe."

Mwalimu Likwata hakuwa na sarafu, alikuwa na nasaha:
"Msimu ulipomkubali alimnunulia mwanawe pikipiki.
Tukimbeba leo, kesho nani atashika jembe?"
Akaahidi elfu mbili, mwisho wa mwezi.
Mwezi upi, hakusema.

Kijiweni walibishana hadi kahawa ikapoa:
nani masikini, nani mvivu,
nani kaandikiwa, nani kajitakia.
"Vidole havilingani," mmoja akafunga mjadala,
na wote wakatazama vidole vyao,
vyeusi sawasawa kwa mafuta ya ganda la korosho.
Hakuna kilichoingia mfukoni.

Kisha geti la bluu la Mfaume Nalinga.
Elfu hamsini! Noti mpya, zinakwaruza.
Waliokuwa barazani wakapiga makofi,
mkewe akaniletea soda.

Sasa, mimi ni mtu wa hesabu.
Julai, mikorosho ikiwa bado maua,
Somoe alimuuzia Mfaume kilo themanini, kangomba,
buku kwa kilo,
kwa kuwa shule ilidai sare na haikudai maua.
Oktoba mnadani bei ikasimama elfu tatu.
Toa. Zidisha. Toa na hiyo hamsini ya makofi.
Somoe angali anamdai laki na kumi,
na soda ilikuwa ya baridi, niliimaliza.

Mtaniuliza nimejuaje kilo.
Walipopima ilikuwa usiku, nyuma ya banda,
mwenye tochi na mizani alikuwa mimi.
Elfu tano nililipwa: nusu ya kupima,
nusu ya kunyamaza.

Jioni nikaketi kwenye mkeka wa Somoe.
Mwanawe akatumulikia kwa simu yenye kioo kilichopasuka.
"Nisomee," akasema mgonjwa, taratibu,
"nijue niwaombee kina nani."

Mia tano haikuwa na jina.
Mstari wangu ulikuwa mtupu.
Nikakohoa,
nikaanza na ile hamsini.