Hakuna Aliyezama

Punda wawili walibeba mitungi ya hewa toka Laboot,
wa tatu akabeba unga na mshipi wa risasi,
na Naibei, mwenye punda, aliniuliza mara nne njiani:
"Ni nani amezama?"
Hakuna, nikamwambia. Nina likizo ya siku tisa.
Akatema mate pembeni, kwa adabu,
kama mtu anayempa mwongo nafasi ya kujirekebisha.

Ziwa lenyewe halina jina.
Ni bakuli la mawe chini ya kilele,
watu huja hapa ng'ombe wakipotea tu.
Usiku pakiti ya biskuti ilifura kama chura,
nami kwa kurunzi nikapiga hesabu upya:
mita kumi za huku
damu huzihesabu kumi na sita.
Mlima hukopesha pumzi,
lakini hudai deni lake magotini.

Unielewe. Kazi yangu ni Kisumu.
Miaka kumi na miwili nimeshuka kwenye uji ule,
chini ya gugumaji, mbele ya Dunga, mbele ya Usoma,
macho nimeyafumba, maana kuyafumbua ni bure.
Vidole ndivyo macho.
Vidole vinajua kisigino, sikio, bakoli ya mshipi,
vinatofautisha kamba ya wavu na kamba ya kiatu.
Mwezi wa tatu vilisoma sare ya shule,
kifungo kwa kifungo, kuanzia shingoni.
Cha tatu hakikuwepo.
Mtu alikuwa ameshikiza pale kwa pini.

Tangu siku hiyo siwezi kufunga shati gizani.

Asubuhi ukingo ulikuwa na ngozi ya barafu.
Naibei akaipasua kwa fimbo, akashika kamba.
Nikivuta mara moja, niko salama.
Mara mbili, nilegezee.
"Na mara tatu?"
Mara tatu usiulize, vuta.

Baridi ikanikagua meno kama mnunuzi wa ng'ombe.
Kisha, kwa woga, nikafumbua macho.

Mikono yangu niliiona kwanza.
Nikavua glavu moja (ujinga, najua)
nimtazame mfanyakazi wangu wa miaka yote:
kovu la ndoana, kucha iliyoota upande,
vidole vitano vyeupe kwa baridi,
havina cha kushika.

Hapakuwa na samaki. Mawe, na kila jiwe na kivuli chake.
Kwenye mita kumi na moja, kengele ya ng'ombe,
imekaa wima kwenye tope laini
kama iliyotuliwa na mtu mwenye subira.
Mkono ukanyooka wenyewe, kwa mazoea.
Nikauita. Ukarudi.
Kitu cha kwanza maishani nilichokipata chini
nikakiacha kilale.

Kwenye mita tatu nikasimama, ndivyo hesabu inavyotaka,
dakika nane nikining'inia kama nguo isiyokauka.
Nikatazama juu.

Kupita mapovu, Naibei ameinama,
kofia ya sufu, mdomo wazi, kamba imezungushwa kiganjani,
anatazama papo hapo nilipo
na hanioni.

Kumbe mtu akiwa chini, juu kuna sura.
Kuna mtu aliyekataa kwenda kunywa chai.
Najua, najua: maji ya Kisumu hayana dirisha,
mtoto yule hakuona kitu,
wala sitamwambia mama yake kwamba aliona.
Lakini mama alikuwepo. Siku mbili, juu ya jiwe lilelile,
viatu mkononi,
akitazama papo hapo.
Mimi nilikuwa katikati yao,
nimefumba macho.

Nikavuta kamba mara moja.

Naye, ambaye sikumfundisha kujibu,
akavuta.