Nyota Huwekwa Mwisho

Plovdiv, jikoni, kati ya friji na dirisha
lenye barafu upande wa ndani,
kompyuta yangu ilikaa juu ya cherehani ya marehemu mama.
Majira yale umeme ulikuja kwa zamu,
saa tatu unawaka, saa tatu umekwenda zake,
nasi tukajifunza kupika upesi
na kuandika upesi zaidi.

Ubao wangu wa matangazo ulikuwa na wateja kumi na mmoja.
Mmoja fundi viatu.
Wawili walikuwa mtu yule yule.

Nikataka barua zitoke nje ya mji.
Lyuben wa Sofia akanitumia programu kwa diski tatu,
ya pili imepinda kwa kukaliwa kwenye treni,
na maelezo kwa lugha niliyoisoma
kama mtu anavyosoma nyayo kwenye theluji:
kuna kitu kimepita, kimeelekea kule,
ni nini, hujui.

Nikakesha na faili la njia.
Anwani hii ipitie huku. Ile isipite.
Na nyota ni jina la chochote usichokitaja:
nyota, peleka Sofia.
Nikaiandika mstari wa kwanza, juu kabisa,
maana mahali pa nyota si juu?

Saa tisa na nusu usiku, saa ya barua,
modemu ikapiga simu yenyewe.
Ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia,
ikachacharika kama mafuta kaangoni,
kisha kimya,
kimya cha wawili waliokwisha kuelewana.

Sasa, simu yetu ilikuwa ya ubia:
waya mmoja, nyumba mbili.
Nikizungumza mimi, Bibi Zdravka wa chini
hana mdomo.
Asubuhi akapanda ngazi na fimbo yake.
"Usiku nimenyanyua simu, imekufa. Na ningekufa mimi je?"

Nikamwonyesha. Hakutazama skrini, alitazama cherehani.
"Barua zako hizi, Toronto zinafika?"
Zinafika, nikasema. Sikuwa na hakika.
Akaketi juu ya gunia la viazi
akanitamkia barua ya mwanawe Kamen, neno kwa neno,
pamoja na bei ya kuni
na habari za jino.

Siku ya kwanza, hola. Ya nne, hola. Ya tisa.
Kila asubuhi ile fimbo, vidato kumi na vinne.
Mvumilivu hula mbivu, nilitaka kumwambia,
nikakumbuka jino, nikanyamaza.

Siku ya kumi na mbili Lyuben akapiga kwa sauti yake mwenyewe.
"Ognyan, una ugomvi gani na huyu Kamen?
Kila usiku nakuletea barua yake,
kila usiku unanirudishia.
Siku tisa tunarushiana kama kiazi cha moto,
na bili ni yangu!"

Nikafungua faili.
Mashine haina kosa. Husoma kuanzia juu,
ikikuta linaloifaa, haiendelei mbele.
Kila kitu, Sofia: ndivyo nilivyoiamuru.
Barua ilifika mlangoni, ina jina la nyumba yangu,
na mimi niliyeikeshea
ndiye niliyeifukuza.

Nikaishusha nyota hadi mstari wa mwisho,
chini ya majina yote ninayoyajua.
(Maelezo yalisema hivyo, ukurasa wa pili.
Nilikuja kuuelewa mwezi wa Mei.)

Usiku ule umeme ulirudi saa tisa na dakika ishirini na sita.
Dakika nne za kuwasha, kuomba, kupuliza vidole.
Paka. Kaango. Kimya.
Na haikugeuzwa.

Nikashuka mimi safari hii, gizani, vidato kumi na vinne,
na karatasi bado ina uvuguvugu wa printa.
Alikuwa macho, amevaa koti.
Barua iliyopita Toronto hadi Sofia,
iliyokwenda na kurudi mara tisa ikibisha hodi kwangu,
ilikuwa na mstari mmoja tu:
Mama, jino lipi?

Bibi Zdravka akasogea kwenye mshumaa,
akafungua kinywa, akavuta shavu kwa kidole,
akanionyesha,
ili nimwandikie.