Wa Kuatamia

Usinihesabie mayai, Belarmino.
Mia tatu kwa mwaka, nimesikia.
Huyo Leghorni wako mweupe
hutaga alfajiri, na jua likipanda
keshasahau kiota kiko wapi.
Simlaumu. Watu ndio walioliondoa joto lile
katika damu yake, kizazi baada ya kizazi,
maana kuku anayelalia hatagi,
na asiyetaga huishia chunguni.

Mashine nilikuwa nayo. Mwezi wa tatu
upepo ukaangusha nguzo, umeme ukakatika siku mbili,
nami nikafukia mayai viza thelathini na sita
nyuma ya ghala la mahindi,
pua nimeiziba kwa kanga ya mkono wa shati.

Yule wa manyoya ya hariri?
Wa jirani yangu Oliva aliatamia kitasa cha mlango
Novemba nzima, hata kula hakuli
mpaka anyanyuliwe kwa mikono miwili.
Moyo anao. Ila manyoya yale hunywa maji,
na hapa Asturias mvua haipigi hodi.

Huyo mnene, wa rangi ya mkate, mpole.
Mpole mno: hukanyaga watoto
kwa nia njema.

Na yule wa madoadoa, kule pembeni?
Tia mkono chini yake.
Tia tu.

Ahaa.
Amefura, amekuwa wawili.
Kuku mwenye watoto halengwi jiwe;
huyu hana hata yai, na tayari ana cha kulinda.

Mama yangu alinizaa Mieres, akaenda Ubelgiji
kufua nguo za wachimba makaa.
Barua zilikuja, kisha kadi, kisha Krismasi tupu.
Aliyenilalia ni shangazi Delfa, asiyezaa,
kama kuku aliyewekewa mayai ya bata:
siku ishirini na moja zinapita, hahesabu,
hukaa hata ya ishirini na nane,
kisha wanaingia mtoni, wanaelea,
naye ukingoni anapiga kelele, miguu imelowa.
Nilipopanda basi la Oviedo
alilikimbilia mpaka darajani
akiita kwamba nimesahau skafu.

Nilikuwa nimeivaa.

Basi, huyo. Aliyekutoa damu.
Hapana, usimfunge miguu.
Nitambeba kwapani.