Usawa wa Kifua

Miaka kumi na moja kitaluni nimefanya kazi moja:
kutupa kilichopinda.
Mche wa msindano ukiegemea, nje.
Ukitoa matawi chini, nje.
Ukiwa mnene kiunoni, mfupi kama kisigino, nje,
kwenye lundo nyuma ya tangi la maji.
Mkono wangu hujua kabla ya jicho;
nguzo ya umeme naiona tangu ikiwa na urefu wa kidole.

Kwa hiyo nilipotaka mti wa kukaa bakulini,
mti mzee mdogo, wa dirishani pangu Kinyanambo,
nilichagua kama mtumishi mwaminifu:
ulionyooka kuliko wote.
Nikaupanda kwenye karai nililolitoboa kwa msumari,
nikaukata ufupike,
chini kabisa, pasipo hata sindano moja ya kijani,
nikakaa kungoja machipukizi.

Fausta Ngole alipita, akatazama.
"Umepanda mwiko?"
Mwezi wa pili ulikuwa mwiko kweli.

Msindano si mkaratusi.
Mkaratusi ukiukata, kisiki kinakucheka kwa majani
kabla shoka halijapata kutu.
Msindano, kijani kilipokoma pamekoma;
hauweki akiba chini ya gome.
Hili nilikuwa nalijua, naapa.
Ila nililijua kwa ajili ya mbao.

Jumamosi moja nikarudi kwenye lundo langu mwenyewe,
nikapiga magoti, nikafukua miche niliyoihukumu.
Nilidhani kila kilichopinda kinafaa.
Huu umepinda kwa sababu shingo imeoza.
Huu, mzizi wake umezunguka ndani ya kiriba
kama kamba ya mbuzi kigingini, unajinyonga taratibu.
Huu umepinda tu, kama mtu aliyelala vibaya.
Sikuondoka na hata mmoja.

Niliupata Changarawe, kwenye ukingo wa barabara ya malori,
si wa mtu, umejiotea kwa mbegu iliyoibwa na upepo.
Mbuzi wameula misimu minne, labda mitano;
kila ulipoinua kichwa wakaurudisha.
Nilipitisha kidole udongoni kuzunguka shina:
mizizi imetawanyika pande zote
kama nyayo za kuku juu ya majivu.
Shina chini ni nene kama kifundo cha mkono wangu,
juu limekonda kama kalamu.
Tawi la kwanza liko chini, na (nilipuliza vumbi nione)
lina kijani hadi karibu na shina.
Sindano ni fupi kuliko za shambani, ni njaa hiyo;
nikiulisha sana zitarefuka.
Tutaelewana, mimi na wewe.

Mvua za kwanza zilishalainisha ardhi. Nilichimba kwa upana,
sikuupukuta udongo wake;
ule ukungu mweupe unaonukia uyoga
ndio yaya wake, hauachwi nyuma.
Nikaufunga kwa kiroba cha mbolea,
nikaupakia baiskeli.

Kizuizini, Tumsifu Mhapa hakuinua mti wa kizuizi.
"Kibali?"
"Cha nini?"
"Hayo ni mazao ya misitu, dada."
Akatoa utepe wake. Kipenyo hupimwa usawa wa kifua,
ndivyo kitabu kinavyosema, na yeye ni mtu wa kitabu.
Akautafuta usawa wa kifua.
Mti ulifika gotini.
Akainama. Akachuchumaa. Lori la magogo likapiga honi nyuma yetu,
magogo arobaini yaliyonyooka, kazi ya mkono wangu.
"Sasa hiki," akasema, kalamu juu ya safu ya aina ya zao,
"niandike nini?"

Juzi tu ningemjibu: takataka.
"Andika mti."
"Umri?"

Nikachuchumaa na mimi. Manyunyu yakaanza,
honi ikalia tena, hatukugeuka.
Tulikuwa tunahesabu:
yeye vifundo vya matawi,
mimi mbuzi.