Alama ya Raba

Mchoro ulikuja ndani ya bahasha ya kaki,
umekunjwa mara mbili, mkunjo ukipita
shingoni kwa mwanamke anayechuma kahawa.
"Usiukunje tena," alisema Bi Ndeshukurwa,
kana kwamba ni mimi niliyeukunja
mwaka wa sabini na tatu.

Chumba changu kiko Kiusa, juu ya duka la vipuri.
Nikapangusa vumbi kwa brashi ya poda,
nikaulaza uso chini kwenye kioo cha skana.
Mwanga ukapita polepole
kama mtu anayetafuta sarafu uvunguni.

Kwenye skrini penseli si nyeusi.
Ni majivu ya jana,
na mng'aro kidogo pale kiganja cha mchoraji kilipoburuza.
Tabaka la kwanza, karatasi: nalifunga, haliguswi.
La pili, mistari.
La tatu, rangi: wekundu wa buni
iliyochelewa kuchumwa kwa siku moja.
Kijani nilikikosea mara nne.
Migomba ya Kibosho haina kijani cha chupa.

Mhariri alipiga simu: "Nyuma weka mlima."
Nikamwambia mchoraji alikaa ameupa mlima mgongo.
Akacheka. Ombi hakuliondoa.

Usiku, Luku imebakiza yuniti mbili,
nikavuta weusi juu ili mistari ishike,
nikavuta tena,
na penye weupe, nyuma ya bega la mwanamke,
kikatokea kitu ambacho sikukichora:
mfereji mwembamba usio na risasi,
ncha ilikokandamiza kabla raba haijapita.
Kisigino. Goti. Ukingo wa mbeleko.

Bi Ndeshukurwa alikuja asubuhi na kandambili,
akavaa miwani, akaivua, akaivaa.
"Aikande," alisema.
"Kaka alianza kuchora Jumatatu.
Jumamosi tulikuwa tumeshazika.
Aliyeshika raba ni mama."

Chini, fundi alikuwa akigonga rimu ya pikipiki.

"Na kitabuni?" niliuliza.
"Kurasa mia mbili na kumi," alisema, "hayumo."

Mimi nina kitufe cha kurudisha nyuma.
Nakibonyeza mara hamsini kwa siku
bila kumkosea mtu yeyote.
Nikamwuliza, nimchore?
"Usimchore."
Basi nimfute?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kaburi.

Nikauacha mfereji ulivyo.
Rangi ya gauni nikaisimamisha ukingoni mwake,
jina la mwandishi nikalisogeza kushoto
lisimkanyage.

Mhariri ameandika: jalada ni zuri,
mlima sawa, tumesamehe,
ila begani pana uchafu, safisha.

Sijamjibu.
Faili nililiita jalada_mwisho,
kisha jalada_mwisho_kweli,
kisha Aikande.