Hitilafu ya Arubaini

Chake Chake, juu ya duka la magodoro,
saa tano na robo, tarawehe zimekwisha,
na mie ni watu wanne.

Dirisha la kwanza ni karani wa kituo, Konde.
La pili, la faragha, lile jeusi,
ni mkulima: nimempa jina Mkasi Jaribio,
mikarafuu kumi na miwili, namba ya simu ya uongo.
La tatu, kivinjari kingine kabisa, ni mkaguzi.
Meneja nimemweka kwenye simu yangu,
maana kompyuta hii nikiizidishia watu
feni yake hunguruma kama jiko la mafuta.
Nywila zao ziko nyuma ya risiti ya umeme.
Hamadi asijue.

Aliyekiita kidakuzi simjui,
ila nadhani alikuwa na jirani kama wangu.
Mdakuzi hapiti mlangoni akatoka mtupu:
nani kaingia, saa ngapi, kaacha nini kikapuni,
na ukishakwenda zako yeye bado anakusimulia.
Ndivyo kilivyo. Kijikaratasi
seva inakitia mfukoni mwa kivinjari:
huyu ni fulani, mpisheni.
Na kila ukurasa unampisha.

Sasa tazama.
Nabonyeza Ondoka. Karani anaondoka,
anaagwa vizuri, kwa maandishi ya kijani.
Dirisha lilelile, naingia kwa jina la Mkasi,
nauza kilo themanini na tatu, karafuu kavu.
Juu pembeni: Karibu, Mkasi.
Chini, kitufe ambacho mkulima hapaswi kukiona:
Idhinisha Malipo.
Nikaidhinisha.
Mkasi kapima, Mkasi kauza, Mkasi kajilipa.

Nikafuta vidakuzi vyote: kitufe hakipo.
Nikabakisha kimoja, cha karani: kipo.
Mara sita. Ya saba niliinuka nikafunga mlango,
kama ninayeiba kweli.

Nikampigia Hamadi, yuko Mwanakwerekwe.
"Kwangu haipo," akasema.
Kwako una kompyuta tatu, Hamadi Ussi.
Konde ipo moja.
Karani akienda kuswali anakaa mkaguzi,
mkaguzi akiitwa nje anakaa mpwa wa karani.
Nani atakumbuka kufuta?
"Andika ripoti. Nitaisoma kesho."

Thelathini na tisa nimeziandika kwa nathari,
kwa picha, kwa mishale myekundu. Zote ni kesho.
Hii ni ya arubaini, na arubaini zinajulikana ni za nani.
Nikaiandika hivi:

    Nimetoka kwa karani, mlango nikaufunga,
    Nikarudi wa shambani, jina jipya nikaunga,
    Kidakuzi mfukoni, bado cha kale chagonga,
    Hamadi, mwenye mizani, ndiye huyo auzaye.

    Nitokapo nisiwepo, jina langu lisibaki,
    Na seva ijue hapo, hiyo tiketi si haki,
    Na mwengine aketipo, asivae la rafiki,
    Hamadi, mwenye mizani, ndiye huyo auzaye.

Kimya.
Chini, wapiga ngoma za daku wakapita,
mmoja akigonga debe nje ya mapigo.

Kisha simu ikawaka.
"Nimezihesabu kwa vidole. Mizani yako imetimia.
Iliyopungua ni yangu."
Dakika nne tena:
"Nimeiona. Kwangu pia ipo."

Sikumjibu upesi. Nilikuwa nawatoa watu wangu,
meneja, mkaguzi, karani,
Mkasi mwisho, kwa sababu nilishamzoea.
Nikauita tena ukurasa wake, nikangoja
mpaka uniulize mie ni nani.

Ndipo nikafungua mkoba:
mkate wa ajemi, maharage ya nazi yaliyokwisha poa,
vya mtu mmoja.