Tundu Chini ya Kiti

Kikao cha matanga kilimaliza kugawa kabla chai haijapoa:
shamba la Kyimbila kwa Lusajo,
ng'ombe wawili na mabati kwa Gwakisa,
na mimi, Atupele, niliyepanga chumba kimoja Mwanjelwa,
nikapewa ufunguo uliofungwa kwa uzi wa katani.
"Pijo ni yako," akasema baba mdogo,
kisha akakohoa kuficha kicheko.

Imelala bandani nyuma ya migomba,
kijivu kama Tukuyu mwezi wa nne.
Ukungu umeingia kwenye taa, umehamia humo.
Kuku analalia mayai matano kiti cha nyuma,
ananitazama kama mwenye nyumba anayesubiri kodi.

Baba aliinunua mwaka wa sitini na nane
kwa kahawa ya misimu mitatu
na ng'ombe wa mahari ya shangazi,
jambo ambalo shangazi hakulisamehe hadi kaburini,
ingawa ni Pijo hiyohiyo iliyompeleka.

Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya luku.
Matairi manne. Breki zote.
Kabureta: labda Nairobi, labda mbinguni.
Fundi Sanke alitoka Uyole, akalala chini, akagonga kwa bisibisi,
kutu ikamwagikia usoni kama ugoro.
"Dada, injini nzima. Hizi injini hazifi.
Kinachokufa ni mwili."
Kwa Baba ilikuwa kinyume, nikamwambia.

Wa vyuma chakavu aliuliza kilo.
Wa Arusha alituma ujumbe:
ataipaka rangi nyekundu, aiweke bustani ya hoteli,
wageni wapigie picha.
Bei yake ni kodi yangu ya miaka miwili.
Usiku ule nilimwota Baba
amepakwa nyekundu, amesimama kwenye majani,
anatabasamu bila kutaka.

Na lile tundu.
Chini ya kiti cha nyuma, kushoto, upana wa kisahani.
Tuligombea kulikalia.
Barabara ilipita humo kama mto:
changarawe, kinyesi cha ng'ombe, matope,
halafu ghafla lami, nyeusi, bila mwisho.
Karibu na daraja la Kiwira Lusajo alidondosha kiatu cha shule,
akanyamaza hadi Mbeya.
Baba aligeuza gari, akarudi njia yote kukitafuta.
Hakukipata. Hakumpiga.

Ndani ya dashibodi nimekuta daftari,
mwandiko wa penseli, unaoinama kama mtu anayepanda Rungwe:

*Subilaga, uchungu, usiku, mvua. Hakulipa. Asidaiwe.*
*Mwalimu Mwakabonga na meza yake. Shilingi tano.*
*Marehemu Tumpale, hadi Masoko. Asidaiwe.*

Kurasa arobaini na moja.
Nilitafuta jina langu, sikuliona.
Nilijiona kwa namna nyingine:
*Mtoto anatapika. Simama Isongole, mnunulie limau.*

Asubuhi, mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani
alisimama mlangoni mwa banda.
"Ugonile, Atupele. Litawaka lini?"
Hakuuliza kama litawaka.
Aliuliza lini, akashika njia yake,
akaniacha na swali kama mtu aliyeachiwa mzigo amshikie kidogo.

Gwakisa anasema nina wazimu, na hesabu anazijua.
Nami nazijua. Nimezirudia mara tatu, zinagoma kila mara.

Jumatatu nimempigia fundi.
Ziba kutu yote utakayoiona.
Rangi ileile ya kijivu, isiyong'aa.
Mayai usiyaguse mpaka yaanguliwe.
Na lile tundu, kushoto, chini ya kiti…

Akasubiri. Nikasikia mvua ikigonga bati upande wake.

Sugua kingo zisimkate mtu, nikasema,
kisha liache.
Kwangu kuna mtoto wa miaka sita
hajawahi kuiona barabara.